Malisho ya Nguva kati ya Somanga na Mafia

Nguva hali samaki. Naanza na hilo kwa sababu miaka yote niliyofundisha historia katika shule za Kilwa, nikiliuliza darasa nguva ni nini, nusu ya mikono iliyonyooshwa ilinijibu kwamba ni mwanamke mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu, anayewavuta mabaharia kilindini. Nusu ya pili ilisema ni samaki mkubwa. Wachache sana, na mara nyingi hao walikuwa watoto wa Somanga na wa vijiji vya delta ya Rufiji, walisema ni mnyama anayekula majani. Hao ndio walioujua ukweli, na historia ninayotaka kuisimulia ni yao, maana kila kilichompata nguva katika pwani hii, tangu alipoanza kuwindwa hadi alipokaribia kwisha, kilimpata kwa sababu ya chakula chake.

Ni mnyama anayenyonyesha, anapanda juu kuvuta pumzi, na katika wanyama wa nchi kavu walio hai leo jamaa zake wa karibu ni tembo na pimbi. Aliyekomaa hufika urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 400 na ushei, na mwili wote huo hujengwa kwa majani. Si mwani, ule unaolimwa kwa kamba na vigingi Songo Songo na Unguja. Ni majani halisi yenye mizizi, maua na mbegu, yanayoota mchangani kwenye maji ya kina kifupi. Siku hizi wataalamu wanayaita nyasi bahari. Kwa siku moja nguva hula kilo 30 hadi 40 za nyasi hizo. Mdomo wake wa juu ni mpana, umejaa nywele ngumu, na umeinamishwa chini kiasi kwamba hana namna ya kula kitu kinachoelea. Lazima ashuke mpaka sakafuni, aguse mchanga, afukue. Hakati jani akaliacha shina. Anang'oa vyote, jani na mzizi, anavitikisa mchanga utoke, anameza. Kisha utumbo mkubwa, ambao kwa urefu wake unapita mita 25, unachukua siku kadhaa kuchachusha kile alichokula.

Wala hali nyasi zozote tu. Pwani yetu ina aina zaidi ya 10 za nyasi bahari, na zile ndefu zenye mashina magumu, zinazofunika miamba na ambazo mwanafunzi akioga baharini hukanyaga kwanza, nguva huzipita. Anachagua ndogo na laini: Halophila, yenye majani mafupi ya mviringo yaliyosimama mawili mawili, na Halodule, yenye majani membamba. Hizo zina nyuzi kidogo na virutubisho vingi, na mizizi yake ina wanga. Zinaota kwenye mchanga mwororo, karibu na nchi, hata mahali ambapo maji ya bamvua yakitoka hubaki tope na vidimbwi. Yaani malisho bora ya nguva yako palepale wanapopita wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza na kuokota chaza.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa wanawake hao. Hakuwahi kuingia kwenye chombo cha kuvulia, lakini nguva alimjua kupita wanaume wengi wa mjini, kwa kuwa aliijua mifuo. Maji yakishatoka, katikati ya majani kunaonekana mistari ya mchanga mtupu, upana wake haufiki hata shibiri, urefu wake hatua mbili tatu, mmoja umenyooka, mwingine umepinda ukaukata wa kwanza, kana kwamba mtu amepita akipalilia kwa jembe dogo bila kuinua kichwa. Ni njia ya mdomo wa nguva. Taa naye hufukua, lakini shimo la taa ni duara, wala haling'oi majani kwa mpango. Bibi alitofautisha vitu hivyo kwa kutupa jicho. Mfuo wenye kingo kali ni wa maji ya jana usiku. Mfuo ulioanza kujaa mchanga ni wa siku kadhaa. Ukiona mwembamba umeandamana na mpana, ni mama na mwana. Mtoto wa nguva huanza kudonoa majani wiki chache tu baada ya kuzaliwa, ingawa hunyonya mwaka mzima na zaidi, kwa hiyo jambo hilo linaaminika.

Habari hizo wanawake walizibeba nyumbani pamoja na pweza. Na nyumbani kulikuwa na mwenye kuzihitaji.

Kula nguva ni jambo la kale pwani hii, la kale kuliko majengo ya mawe. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mji uliokaliwa tangu karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 15, wachimbuaji walikuta mifupa ya nguva na ya kasa pamoja na ya samaki na mifugo. Mfupa wa nguva hautafutwi kwa hadubini. Ni mzito kupindukia, hauna uwazi ndani, kwa kuwa mnyama anayekula sakafuni akiwa na mapafu yaliyojaa hewa anahitaji uzito wa kumshusha. Hata hivyo sidhani kama palikuwa na mji wowote wa Waswahili ulioishi kwa nyama ya nguva. Kasa alikuwa na gamba la kuuza ng'ambo, na watu walimbunia ufundi wa ajabu wa kumvua kwa chazo aliyefungwa uzi mkiani, wakimwachia amnate kasa kisha wakawavuta wote wawili. Papa alikaushwa akapakiwa majahazini. Nguva hakuwa na soko la mbali. Alikuwa nyama ya mtaa, ya siku moja au mbili, yenye kugawiwa, na mafuta yake yalichemshwa yakawekwa chupani kwa ajili ya viungo vinavyouma.

Silaha yake ilikuwa chusa. Babu yangu alikuwa na chusa mbili, na moja niliiona ukutani nikiwa mdogo: chuma chenye ndoana pembeni, kinachochopekwa kwenye mpini mrefu wa mkoko, na kamba ya usumba iliyofungwa kwenye chuma, si kwenye mpini, ili mpini ukichomoka mnyama abaki na chuma na kamba, na mwisho wa kamba pana chelezo cha kumwonyesha anakokimbilia. Chombo ni mtumbwi mdogo wa watu wawili au watatu. Hakuna tanga, kwa kuwa tanga linapiga kelele. Ni upondo au kafi, tena kafi halitolewi majini.

Ugumu wa kazi hiyo haukuwa kumchoma. Ugumu ulikuwa kumkuta. Macho ya nguva si kitu, lakini masikio yake ni makali, na akishawahi kuwindwa mahali huacha kuja mchana, anakula usiku. Kwa hiyo mchoma chusa ilimpasa ajue mambo mengi kabla hajasukuma mtumbwi. Maji yanajaa saa ngapi? Nguva hapandi kwenye malisho ya ufukoni mpaka pawe na kina cha kumfunika, na akishapanda anakula maji yakipanda, na maji yakigeuka anajua kurudi. Mifuo iko wapi, mipya au mizee? Bamvua au maji mafu? Upepo ni kusi, umechafua maji, au kaskazi, na maji yanaonyesha mpaka chini? Anayekula huibuka kuvuta pumzi kila baada ya dakika moja mpaka tatu hivi, mara nyingi pua tu, na hazami mbali na alipoibuka, kwa kuwa hajamaliza mfuo wake. Mwenye kujua hilo hamfuati. Anahesabu pumzi, anatazama wingu la tope linalopanda kutoka chini, anaweka mtumbwi mbele ya tope, anangoja. Mimi nayasema haya kama mtu aliyesimuliwa, kwani babu hakumchukua mtoto wa kike wala mjukuu wa kike kwenda naye. Lakini nimesoma baadaye maandishi ya watafiti waliowafunga nguva vyombo vya kupima kina na muda huko Australia, na sikukuta ndani yake kitu ambacho kingemshangaza babu, isipokuwa tarakimu.

Kwa mwaka walimpata mmoja, wawili, na ikapita miaka mingine bila hata mmoja. Akipatikana, mgawanyo ulikuwa na utaratibu wake: kichwa na kipande cha kifua cha mchoma chusa, sehemu ya chombo, sehemu ya wazee, na nyumba zenye wagonjwa hazikusahauliwa. Bibi alisema nyama yake ni nyekundu, ukimpikia asiyejua atakula akidhani ni ya ng'ombe, ila mafuta yake yana harufu ya majani, na ndiyo maana aliianika kidogo juani kabla ya kuitia kwenye tui. Watu walibishana kuhusu kumchinja. Kwa Shafii, na pwani hii ni ya Shafii, kinachotoka baharini ni halali hata kikiwa kimekufa, hakihitaji kisu. Lakini mnyama huyu ana damu ya moto, ananyonyesha, analia akichomwa, na wapo waliosema moyo hautulii mpaka apitishiwe kisu shingoni kwa bismillahi. Nasikia ubishi huo haukumalizika. Nyama ndiyo iliyokuwa ikimalizika.

Sasa nifike kwenye lile ambalo wageni hawaliachi. Wengi walioandika juu ya nguva wa Afrika Mashariki wamerudia kwamba mvuvi aliyempata nguva jike alitakiwa kula kiapo kuwa hakumwingilia, kwa kuwa matiti yake yako kifuani kama ya binadamu. Kiapo hicho kilikuwapo, wazee kadhaa wa pwani wamekikiri. Mimi sina haja ya kukificha. Ila huwa nakereka nikisoma kurasa za kiapo halafu mstari mmoja tu wa kile mvuvi alichokijua kuhusu mnyama mwenyewe. Mwandishi aliyekaa na mtu anayeweza kusoma mfuo wa usiku, akaondoka na habari ya kiapo peke yake, alikwenda kuteka maji kisimani akarudi na kata.

Kwamba nguva wetu walidumu karne nyingi na chusa si kwa sababu babu zetu walikuwa wapole. Ni kwa sababu chusa ilikuwa ghali kwa maarifa na muda, na nguva mwenyewe alikuwa amekwisha kujifunza woga. Mahali ambapo hakujifunza, mambo yalikwenda kasi. François Leguat, Mfaransa aliyekimbia dini yake isibughudhiwe kwao, alikaa na wenzake kisiwani Rodrigues, mashariki ya Bukini, kuanzia 1691 hadi 1693, kisiwa ambacho hakikuwa na watu. Akaandika kwamba nguva walikula nyasi za bahari makundi makundi, mamia kwa pamoja, katika maji ya kina kifupi tu, na hawakukimbia. Mtu alichagua amtakaye. Leo Rodrigues hakuna hata mmoja, wala Morisi. Na kaskazini ya mbali, katika bahari ya baridi baina ya Urusi na Marekani, aliishi jamaa yao mkubwa kuliko wote, aliyekula mwani mrefu wa juu juu bila kuweza hata kuzama vizuri. Georg Wilhelm Steller alimwona na kumweleza mwaka 1741. Kufika 1768 alikuwa amekwisha kabisa duniani. Miaka 27.

Hapa kwetu badiliko lilikuja kwa njia ya papa. Kabla ya miaka ya 1960 nyavu zilisukwa kwa pamba na nyuzi za miti, zikioza zikishonwa, na wavu mkubwa wa kumzuia papa ulikuwa mali ya wenye nacho. Nailoni ikaja. Haiozi, haionekani majini, na mtu mmoja anaweza kuwa na pande nyingi. Jarife, wavu wa macho makubwa unaozamishwa kwa mawe au risasi na kuachwa sakafuni usiku kucha, likaenea kuanzia Jibondo, kisiwa cha mafundi wa majahazi na wavuvi hodari, mpaka Somanga na Kilwa Kivinje. Lengo lilikuwa papa na taa: nyama ya ng'onda kwa soko la bara na la visiwani, na baadaye mapezi, ambayo wanunuzi wa Mashariki ya Mbali waliyatolea bei isiyokataliwa. Mjomba wangu alikuwa na jarife. Alijenga nyumba ya bati kwa jarife hilo, akanilipia ada kwa jarife hilo, na mimi sitamsema vibaya kwa kujifanya sijui kalamu zangu zilitoka wapi.

Lakini tazama kilichotokea. Papa na taa hupita kwenye maji ya kina kifupi usiku kutafuta chakula, na nguva aliyefundishwa na chusa kula usiku naye yuko hapo hapo, kichwa chini, akifuata mfuo. Anaingia wavuni, anajizungusha, hawezi kupanda kuvuta pumzi. Dakika chache zinamtosha. Alfajiri mwenye jarife anakuta nguva amekwisha kufa, hakumtaka wala hakumtafuta, na mara nyingi wavu umechanika hasara juu. Mjomba hakuhitaji kujua saa ya maji kupanda kwenye malisho, wala umri wa mfuo, wala idadi ya pumzi. Jarife lilifanya kazi yeye akiwa amelala. Hapo ndipo ninapoona mkato wa historia yenyewe: kizazi kimoja kiliua wachache kwa kuwajua, na kilichofuata kiliwaua wengi bila kuwajua. Chusa ya babu ikawa ya ukutani, na hakuna aliyemwomba amfundishe.

Nguva si mnyama wa kustahimili hesabu hiyo. Jike hubeba mimba ya miezi 13 hadi 15, huzaa mtoto mmoja, na hukaa miaka 3 mpaka 7 kabla ya kuzaa tena. Kama malisho ni mabaya huchelewa zaidi. Anaweza kuishi miaka 70. Ni maisha yaliyopangwa kwa bahari ambayo mtu mzima hafi ovyo. Mwaka 1967 liliripotiwa kundi la nguva wapatao 500 pwani ya kusini ya Kenya. Ndege za hesabu zilizoruka juu ya pwani hiyo miaka ya 1990 zilirudi na idadi ya vidole. Upande wetu sheria ya uvuvi inamkataza mtu kumvua tangu miaka ya 1970, lakini sheria inasomwa na mvuvi, haisomwi na jarife. Mwaka 2003 shirika la uhifadhi la WWF lilipokusanya habari vijiji kwa vijiji pwani nzima ya Tanzania, mahali palipobaki na matumaini palikuwa ni hapa petu, kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na wengi wa nguva waliotajwa walikuwa wamenaswa nyavuni. Desemba 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliingizwa katika orodha ya shirika la uhifadhi la IUCN ya walio hatarini kabisa kutoweka, wakikadiriwa kuwa wakubwa wa kuzaa hawafiki 250 pwani yote. Kundi pekee la maana limesalia Bazaruto, Msumbiji.

Wavu ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni sahani yenyewe. Mwaka 1992 huko Hervey Bay, Australia, mafuriko na kimbunga vilifunika kwa tope takriban kilomita za mraba 1,000 za nyasi bahari, nyasi zikafa kwa kukosa mwanga, na nguva waliokosa chakula wakatangatanga mamia ya kilomita, wengi wakaopolewa wamekonda hata ngozi imekunjamana. Mwaka 2021 Florida, ambako kuna nguva wa jamii nyingine, yule mwenye mkia wa duara anayeingia mpaka mitoni, walikufa zaidi ya 1,000 kwa mwaka mmoja, wengi kwa njaa. Maji machafu ya miji na mashamba yalistawisha mwani mdogo uliotia kiza, nyasi zikafa. Serikali ikafika mahali pa kuwatupia letasi, tani kwa tani, karibu na mtambo wa umeme ambako hukusanyika wakati wa baridi. Nguva wale walau wana nafasi ya kula letasi. Mdomo wao haukuinamishwa sana, wanakula majani ya juu ya maji, ya katikati na ya chini, na magego yao husogea mbele maisha yote, lililosagika linadondoka na jipya linafuata nyuma. Jamaa yao wa Afrika Magharibi hula hata majani ya mikoko, huvamia mashamba ya mpunga Sierra Leone, na huko Senegali na Gambia hupatikana akitafuna samaki walionasa nyavuni. Wetu hana ujanja huo. Ukimmwagia letasi juu ya maji ya Mohoro, hapa kwetu, ataogelea chini yake akitafuta mchanga.

Na mchanga huo una mikiki yake. Kokoro linaburutwa juu ya malisho na watu ishirini, linang'oa majani pamoja na dagaa. Baruti tumeijua. Mto Rufiji ukifurika hushusha tope jekundu hadi mbali, jambo la asili ambalo nyasi ndogo zimelizoea, kwani Halophila hufa haraka na huota haraka. Jambo lisilojulikana kwa wengi ni kwamba nguva mwenyewe huilinda nyasi hiyo. Anapong'oa mistari anazipunguza zile ndefu na kuziachia nafasi zile ndogo anazozipenda, ambazo hurudi kwenye mchanga mtupu kabla ya nyingine. Anthony Preen alilionyesha hilo Moreton Bay, Australia, katika miaka ya 1990, akaona kwamba makundi yanayolisha mahali pamoja yanatengeneza malisho yao. Nguva watano waliotawanyika kwenye ghuba nzima hawawezi kazi hiyo. Kwa hiyo mahali walipokwisha, inaelekea hata chakula chao kimebadilika sura, na majani marefu yamejaa walipokuwa wakipalilia.

Mtu akinasa nguva leo Somanga, hasemi. Akisema atapoteza wavu, ataitwa, ataandikwa. Kwa hiyo nyama inagawiwa usiku, kimya, na mifupa inafukiwa mchangani au inarudishwa baharini. Sheria ni ya haki, lakini imemfunga mdomo mtu yuleyule ambaye habari zake zinatakiwa. Kila watafiti wanapofika kijijini huita wavuvi, maana yake wanaume, wakakaa nao bandani wakiwauliza: umewahi kumnasa, lini, wapi? Majibu ni yale yale ya tahadhari. Na wakati kikao kinaendelea, nje maji yametoka, na wanawake wenye ndoo na vijiti wako mafunguni, wanapita katikati ya nyasi kwa miguu, hatua kwa hatua, bamvua baada ya bamvua. Kuona mfuo si kosa la jinai. Nilipowauliza wawili kati yao mwaka huu kama bado huona mistari ile, mmoja alinitazama kwanza, kisha akaniuliza nimeijua kwa nani. Nikamtajia bibi. Akasema, "Basi njoo kesho kutwa, mwalimu, maji yatakuwa nje mapema. Vaa viatu vya mpira."